Ukuta Ambao Hakuna Aliyeuangalia

Naelijwa alikuwa uani anapepeta maharage jirani yake, Mama Kiangi, alipoingia akihema.

"Mama Mbazi, ndiva imekauka tena usiku."

Ungo ukasimama. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu wa Upare walijenga. Jioni huzibwa, maji ya mfereji yakajaa usiku, asubuhi watu wakamwagilia kwa zamu.

Wiki iliyopita waliikuta tupu, na kizibo kiko mahali pake. Wa mwisho kuziba alikuwa Nansia, mke wa Mbazi, mwanawe Naelijwa, aliyeolewa hapo baada ya mavuno. Wazee wakaamua kwamba alifungua usiku akamwagilia shamba la mama yake ng'ambo ya bonde, kisha akaziba. Nansia alikana, wala hakulia. Naelijwa mwenyewe ndiye aliyemfungia nguo zake na kumrudisha kwao.

"Sasa jana kaiba nani, na yeye hayupo?" akauliza Mama Kiangi.

"Kamtuma mtu," akajibu Mzee Eliamani, mumewe Naelijwa, bila kuinuka kwenye kigoda.

"Amtume nani, baba? Hata mbwa wa hapa bado wanambwekea," akasema Mbazi. "Basi kijiji kizima ni wezi. Tusimwamini mtu tena."

Naelijwa aliwatazama kwa uchovu. Baba hataki kuacha hata neno moja. Mtoto anataka kutupa yote.

Akaanza kupepeta habari hiyo kichwani. Ndiva tupu aliiona. Kizibo alikishika. Lakini Nansia akifungua, nani alimwona? Hakuna. Walimshika kwa sababu ndiva haivuji. Na nani alisema haivuji? Wote. Nani aliwahi kuangalia? Hakuna, maana kukagua ukuta wa mababu ni kama kuwatukana. Kati ya mababu na mkwe mgeni, mkwe ndiye aliyekuwa rahisi kutupa.

Akachukua fimbo, akaelekea kwenye ndiva, wakamfuata.

Ilikuwa kiangazi, majani yote yameungua. Chini ya ukuta wa ndiva palikuwa na majani mabichi yanayofika magotini. Majuzi tu alikuwa amewakatia mbuzi hapo hapo, akamshukuru Mungu. Akachokoa kwa fimbo. Ikazama kati ya mawe mpaka kiganja kikagusa ukuta, na tope likatoka: maji yalikuwa yakivujia hapo usiku.

Mzee Eliamani akainama, akalitazama tundu.

"Kumbe mababu hawakujua kujenga," akasema. "Ibomolewe yote."

"Imetulisha sisi na wazazi wetu, baba Mbazi. Ng'oa jiwe hili na yaliyolilalia. Hayo mengine yana kosa gani?"

Njiani kurudi Naelijwa alifanya hivyo hivyo kwa habari za Nansia. Aliondoa wizi. Juu yake lililala neno kwamba alitumwa na mama yake; akaliondoa. Na kwamba hakulia kwa sababu ana moyo mgumu. Akaondoa na hilo. Kisha akamtuma Mbazi ng'ambo ya bonde, naye akaenda nusu mbio.

Walirudi jua likizama. Naelijwa aliwapokea mlangoni.

"Nilikuonea, mwanangu. Sikuangalia."

"Nilisema, mama."

"Ulisema."

Nansia akaweka furushi la nguo zake chini, akaingia jikoni, akaunga yale maharage, yaliyokwisha kuchemshwa. Mzee Eliamani alionja, akakohoa, akavuta kikombe cha maji.

Mkono wa Nansia ulikuwa mzito wa chumvi. Hilo Naelijwa alilijua tangu mwanzo, wala halikuwa limelala juu ya wizi. Likabaki.

Akapakua ugali, akatazama mkekani: mzee, Mbazi, Nansia. Wote wapo. Akaketi, akala.

Funzo: Jambo jipya likigongana na unayoyaamini, usilikatae wala usitupe yote. Toa lile lisilo na ushahidi na yote yaliyolitegemea, hata kama ndilo unalolipenda zaidi, na usimtoe mtu badala yake. Mtumie hadithi hii na mwenzako aliyemfungia mtu nguo kabla hajaangalia ukuta.