Tairi Lililohamishiwa Nyuma

Wapendwa, leo naanza na mfano, na naomba mtu asinifuate baada ya ibada kuniuliza namba ya gari. Ni mfano tu. Lakini nimeutunga nikiwafikiria ninyi, na nikijifikiria mimi mwenyewe, na wiki nzima haujaniacha nilale vizuri.

Kulikuwa na dereva mmoja wa semi, mtu mzima, miaka kumi na minane kwenye barabara hii hii inayopita hapo nje ya kanisa letu. Alibeba saruji kwenda mpakani, na kurudi alibeba chochote alichopata. Nyuma yake, kila safari, alikuja mdogo wake wa tumbo moja, naye na semi yake. Huyo mdogo alikuwa na mke na watoto watatu, lakini barabarani alibaki kuwa mdogo. Mnawajua madereva wa malori: wa mbele anaiona barabara, wa nyuma anaziona taa za wa mbele. Mkubwa akiwasha indiketa ya kushoto, mdogo anajua mbele ni kweupe, apite. Akiwasha ya kulia, mdogo anatulia. Kwa hiyo hakukaa mbali. Alikaa pale taa zinapoonekana vizuri, na mama yao huko nyumbani alikuwa na amani akijua wanawe wanasafiri pamoja.

Sasa usukani wa yule mkubwa ukaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, akifika spidi ya sabini. Akipunguza unatulia, akiongeza unarudi. Baada ya mwezi ulikuwa unatetemeka hata kwenye hamsini, mpaka akishuka vidole vimekufa ganzi na tonge la ugali linamponyoka. Akaenda kwa fundi. Fundi akainua upande wa mbele kwa jeki, akalishika tairi juu na chini, akalisukasuka. Likagonga. Akapitisha kiganja juu yake, akamwonyesha lilivyolika upande wa ndani, mashimo na matuta, na lilikuwa tairi jipya la miezi miwili.

"Tairi halina kosa, kaka," fundi alimwambia. "Pini inayoshikilia gurudumu hili imelika, ndiyo maana linakwenda likiyumba. Kila tairi utakalofunga hapa litaliwa hivi hivi. Niachie gari siku mbili nifungue."

Siku mbili. Ndugu zangu, siku mbili ni kitu gani? Lakini kwenye foleni ya mizigo angepitwa. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo hakumwambia fundi: mdogo wake angetangulia peke yake, na yeye, aliyemfundisha barabara, angebaki gereji amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama magari ya wenzake yakipita. Aliona aibu. Akafanya wanavyofanya wengi. Alimwambia fundi alitoe tairi lililolika, akalifunge nyuma kabisa ya tela, na zuri la kwenye tela lije mbele.

Fundi akaokota spana. "Hapa unaposhika wewe patatulia," akasema. "Huko nyuma je?"

"Huko nyuma yapo kumi na mawili. Moja likichoka, mengine yatabeba."

Na kweli usukani ukatulia. Aliendesha kwa vidole viwili, akiimba. Wiki nne baadaye mtetemo ukarudi, kwa sababu pini ilikuwa ni ile ile, na tairi zuri lilikuwa limekwisha kuliwa. Akalihamishia nyuma, akaleta jingine. Halafu jingine. Kufika wakati wa mvua alikuwa na matairi manne mabovu mkiani mwa tela, na mbele mazuri kabisa. Trafiki wakimsimamisha walitazama mbele, wakampungia mkono apite.

Je, huyu mtu alikuwa mwovu? Mimi sioni hivyo. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, na kila alipousikia ule mtetemo alifanya jambo. Angeulizwa angesema analihudumia gari lake. Tungemchagua kuwa mzee wa kanisa, na pengine tumekwisha kuwachagua wengi wa namna yake.

Aliyeona ni mdogo wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyuma. Siku moja wakinywa chai alisema, kwa adabu, macho kwenye kikombe: "Kaka, yale matairi ya nyuma siyapendi. Njia nzima nayatazama yanavyorukaruka." Kaka mtu akamjibu kwamba kama yanamsumbua, basi akae mbali kidogo. Mdogo hakusema tena. Angekaaje mbali, naye anategemea taa za kaka yake?

Ikaja siku moja ya jua kali, saa nane mchana, kwenye mteremko mrefu. Mkubwa alishuka salama. Alifika penye mizani, akaegesha, akaagiza chai mbili na chapati nne kama kawaida yao. Alikunywa yake. Ile nyingine ikafanya utando juu, akaomba ibadilishwe iletwe ya moto. Hiyo nayo ikapoa. Akapiga simu, haikupokelewa. Akajiambia kwamba mlimani mtandao hausomi.

Kisha likaja lori la dereva mwingine wanayefahamiana. Yule dereva alishuka, hakumsalimia. Alimpita, akaenda mpaka nyuma ya tela, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Tairi lako moja la nyuma halipo, kaka," akamwambia. "Imebaki ringi tupu. Mpira wake uko ndani ya kioo cha semi ya mdogo wako, na semi iko korongoni. Inuka twende."

Mdogo alikuwa ameshakata roho walipofika.

Msibani watu walisema mengi, mnajua watu wanavyosema. Mama yao hakusema. Siku ya tatu, waombolezaji walipopungua, ndipo alipomwita mwanawe mkubwa akae naye mkekani, akamuuliza swali moja tu: "Wewe ulikuwa mbele yake. Hukusikia kitu?"

"Sikusikia, mama."

Na alisema kweli. Tela lile ni refu, injini inanguruma, na yale matairi mengine yalibeba kama alivyotaka yabebe. Mikononi mwake usukani ulikuwa umetulia tuli. Hilo ndilo linalonitisha mimi, wapendwa. Mtu amemuua ndugu yake, na mikono yake haikupata hata habari.

Sasa tuseme ukweli sisi kwa sisi. Sisi tuliomo humu ndani, tumetengeneza nini? Tumehamisha. Baba mmoja alikuwa na hasira za kugombana na watu kazini, akaona zitamharibia. Leo kazini ni mpole, wanamwita mchungaji. Hasira zimekwenda wapi? Ziko nyumbani, mke anazijua, watoto wakisikia geti linafunguliwa wanazima redio. Mama mmoja aligombana na jirani yake, wazee wakawapatanisha hapa hapa mbele ya madhabahu, tukapiga makofi. Lakini wanawe amewakataza kucheza na watoto wa jirani huyo, na wao hata hawajui ugomvi ulikuwa wa nini. Wamefungiwa tairi bovu, wanakwenda nalo. Na mimi ninayesimama hapa, je? Huzuni yangu siileti mimbarini, nawaletea sauti nzuri. Anayeibeba ni mwanangu wa kwanza, ambaye siku hizi hataki kula meza moja na mimi. Nimechukua muda mrefu kukubali kwamba hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Tunashukuru kwamba mtetemo umekwisha. Tunatoa ushuhuda. Kumbe tumeusukuma tu mpaka pale ambapo hauwezi kutufikia sisi, ukawafikia wanaotufuata, na wanatufuata kwa karibu kwa sababu wanatuamini. Tunawaambia wakae mbali kidogo. Waende wapi?

Sitawaomba mnyoshe mikono, na leo sitamwita mtu mbele. Mbele tunapajua, tunajua kupapamba. Nawaomba jambo gumu zaidi. Ukifika nyumbani, kabla hamjala, mkalishe yule aliye nyuma yako: mke, mtoto, mdogo wako, dada anayekupikia. Muulize anakuona vipi kutoka huko aliko. Halafu nyamaza. Usijitetee, usicheke, usimwambie hajui maisha. Atakachokuambia kitakuuma, na pengine kitakugharimu zaidi ya siku mbili. Kaa ukisikie mpaka amalize, maana leo bado yupo wa kukuambia.