Mikono ya Nyamizi

Mafuta ya mkono si shibe ya tumbo. Mmeisikia pale kwenye msiba, mkaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, mimi mwenyewe nimechoka kusimama. Methali hii ilianza hivi.

Upande wa Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku, alikuwapo mama mmoja akiitwa Nyamizi. Kazi yake kuoka skonzi na kuziuza gulioni. Rafiki yake wa tangu utoto, Kabula, aliugua, na Nyamizi ndiye aliyemuuguza mpaka akafa.

Sasa siku ya maziko ikanyesha mvua ya kukomoa. Mafiga ya uani yakazama, ugali haukupikika, na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Moto uliobaki ulikuwa mmoja tu, wa tanuri la Nyamizi, kwa kuwa lilikuwa chini ya bati. Akasema, "Leteni nyama ya kusaga." Akaikaanga na vitunguu na nyanya, akapasua skonzi, akazijaza, akazifunika na kuzipaka mafuta juu. Akazibananisha kwenye masinia, akazisukuma tanurini. Chakula chepesi kutengeneza, lakini zikitoka huwa zimeshikana, lazima uzibandue kwa mkono zikiwa za moto. Akabandua na kugawa, sinia baada ya sinia, vidole vinaungua, mafuta yanamtiririka mpaka viwikoni.

Desturi ya pale ni kali. Anayegawa chakula cha msiba hali mpaka mgeni wa mwisho ale. Akitangulia kula, haendi kaburini. Anabaki kuosha vyombo.

Mgeni wa mwisho alikuwa Milembe, shangazi wa marehemu. Lori lao lilikwama kwenye tope, wakafika wameloa, na njaa imewakunja. Masinia yalikuwa meupe. Milembe akamtazama Nyamizi mikono.

"Kumbe! Sisi tunasukuma lori, wenzetu wanang'aa kama mchinjaji siku ya Idi."

"Shangazi, nimegawa tu. Sijatia kitu kinywani tangu jana."

"Mpishi afe njaa jikoni?" akadakia mama mmoja aliyekuja naye. "Labda kama alitia sumu!"

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Nyamizi akasema, "Nisemeni mtakavyo, lakini niacheni nikamzike Kabula. Nimtupie udongo tu, nirudi. Vyombo vyote nitaosha."

"Desturi ni desturi, mwanangu," Milembe akasema. "Baki na masinia yako."

Jeneza likatoka. Nyamizi akasimama mlangoni mwa tanuri, akisikiliza nyimbo zikienda mbali. Kisha akaanguka.

Aliyebaki nyumbani alikuwa mzee Mihayo, baba wa marehemu, ambaye miguu haikumruhusu kwenda. Akajikokota, akamnywesha maji ya sukari. Nyamizi akayatapika yote. Yakatoka maji matupu, hata chembe ya mkate haimo.

Watu waliporudi wakamkuta kalala mkekani kando ya tanuri. Mihayo akamwita dada yake.

"Milembe, njoo uone alichokula."

Milembe akainama, akayaona yale maji pale chini.

"Mafuta ya mkono si shibe ya tumbo, Milembe. Umemzuilia nini huyu?"

Nyuma yake mchimba kaburi mmoja akajikuna kichwa. "Shangazi, sinia la mwisho tulilibeba sisi. Tulijua ya wageni yapo mengine."

Milembe akafungua khanga yake ya kiunoni, akampangusa Nyamizi mikono, kidole kimoja kimoja.

"Inuka mwanangu, nikushike mkono. Twende kaburini."

Nyamizi akageukia ukuta.

"Naenda kumsindikiza nani, shangazi? Mmeshamfunika."

Milembe akaketi hapohapo chini kwenye tope, na njaa yake, mpaka giza likaingia.

Tangu hapo, wa Urambo wakimwona mtu kashika upawa, hawamuulizi kabakiza nini. Wanamuuliza kwanza kama amekula. Nimepita vijiji vingi na nimewaona wagawaji wengi, wa chakula na wa vyeo, na kila mara watu hutazama mikono. Nanyi mtaitazama, ndivyo tulivyo. Ila mkishaitazama, ulizeni. Mafuta ya mkono si shibe ya tumbo.