Kuchakulo na Kikopo cha Ugoro

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakiamka na kwenda kazini kama baba zenu na mama zenu, palikuwa na kiwanda cha vyungu kando ya mto. Tajiri wa kiwanda alikuwa Mama Tembo. Yeye alikaa ng'ambo ya mto, na kazi zote alimwachia msimamizi.

Hapo ndipo alipofanya kazi Kuchakulo. Mnamjua kuchakulo? Yule mdogo anayefanana na kindi, ila makao yake ni shimoni. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kusugua vyungu vibichi kwa kokoto, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka ving'ae. Na siku za kuchoma vyungu, alilinda tanuri kwa zamu na wenzake.

Sasa, kuchakulo wana ibada yao. Jua likifika utosini, na tena likiteremka alasiri, husimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, wakamshukuru Muumba. Si muda mrefu. Ukibandika maji ya chai, hayajachemka, wao wameshamaliza.

Msimamizi wa zamani, Punda Milia, hakuwa na neno. Lakini alizeeka akaenda zake kupumzika, akaja mpya, Nyati. Siku yake ya kwanza tu, adhuhuri, akamwona Kuchakulo amesimama wima, amefumba macho.

"We mama! Unafanya nini hapo?"

Kuchakulo akamaliza kwanza, ndipo akageuka. "Nasali, Bwana Msimamizi."

"Unasali? Hapa ni pahala pa kazi, si pahala pa ibada! Tajiri akipita akakuona umesimama kama gogo, atasema mimi nimeshindwa kazi. Kasali kwako!"

"Jua halinisubiri nifike kwangu, bwana. Nitafidia. Jioni nitachelewa kutoka."

"Nimesema hapana! Nikikuona tena nakuonya. Nikikuona mara nyingine, unachukua njia!"

Kesho yake adhuhuri Kuchakulo hakusali. Alisugua tu, kwaru-kwaru, lakini akili haikuwapo, na chungu kikamponyoka. Pu! Haikuwahi kumtokea. Ilipofika alasiri akashindwa kuvumilia. Akajificha nyuma ya mtungi mkubwa, akasali haraka haraka. Lahaula! Nyati akauona mkia.

"Nimekuonya!" akakoroma. "Umebakiwa na moja!"

Jioni watoto wakamwuliza, "Mama, mbona huli?"

"Nimeshiba," akasema. Wala hakuwa ameshiba. Alikuwa akiwaza. Kazi nyingine haikuwapo, na watoto watatu wanataka kula. Lakini kumwacha Muumba wake, hilo nalo hakuliweza.

Asubuhi, akiwa kazini, akasikia nyuma ya ghala, "Hapchaa! Hapchaa!" Wakatokea Fisi na Ngiri, wanafuta pua, wanacheka. Walikuwa wametoka kunusa ugoro. Kuchakulo akatega masikio, akaanza kuhesabu. Kabla ya adhuhuri wale wawili walikuwa wamekwenda mara tatu. Na Nyati mwenyewe? Mara nne!

Akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba. Nini tena?"

"Nataka kujua kanuni, nisije nikakosea. Hawa wanaokwenda nyuma ya ghala, wana ruhusa?"

"Wanakwenda kunusa ugoro. Hiyo ni desturi ya kiwanda. Kichwa kikiwa kizito, kazi haiendi."

"Na mimi je, nikiwa na kikopo changu?"

Nyati akacheka hadi pembe zikatikisika. "Kadogo kama wewe? Haya! Mwenye kikopo mkononi na aende. Akitosheka, arudi."

"Ndiyo kanuni, bwana?"

"Ndiyo kanuni!"

"Ahsante sana."

Kuchakulo mbio! Akaokota kikopo kikuukuu alichokitupa Ngiri, akakiosha mtoni, akakikausha. Jua lilipofika utosini akakiinua juu Nyati akione.

"Nakwenda, bwana!"

"Nenda!"

Nyuma ya ghala akakiweka chini, akasimama wima, mikono kifuani. Lo! Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya safari ndefu. Fisi na Ngiri, waliokuwa pale na ugoro wao, wakatazamana wakasogea kando. Fisi hata akajibana pua asije akapiga chafya.

Siku ya nne akamjia Mzee Kobe, akanong'ona, "Mwanangu, nimekuona. Na sisi kobe tuna sala zetu. Miaka yote hii nasali ndani ya gamba, najifanya nimesinzia. Kikopo kama hicho kinapatikana wapi?"

Kuchakulo akamtafutia. Halafu akaja Korongo, ambaye kwao husali kwa mguu mmoja. Halafu Njiwa na dada zake watatu. Haukupita mwezi, wenye vikopo wakawa saba, na kazi ikaenda vizuri kuliko mwanzo.

Basi siku moja Nyati akapapasa kikopo chake, hola! Ugoro umemwishia.

"Kuchakulo! Hebu nigawie kidogo."

Kuchakulo akakiangalia kikopo chake. Afanyeje? Akampa. Nyati akafungua, akatumbukiza pua, akavuta kwa nguvu, fyuuuu! Hakuna kitu.

"Mbona kitupu?"

"Ni kitupu, bwana."

Nyati akamwendea Kobe. Fyuuuu! Kitupu. Korongo. Fyuuuu! Kitupu. Njiwa wote wanne, vitupu.

"Saba!" akanguruma. "Saba, na vyote vitupu! Ndiyo maana sijasikia hata mmoja wenu akipiga chafya! Mmenidanganya!" Akapiga kwato chini, gu! gu! gu!

Kuchakulo akajitokeza mbele. "Ulisema mwenye kikopo mkononi na aende, bwana. Hukusema kikopo kiwe na nini."

"Chukua njia! Nyote saba, chukueni njia!"

"Nani achukue njia?"

Wakageuka. Alikuwa Mama Tembo, ndiyo kwanza anatoka mtoni, maji yanamchuruzika. Nyati akamweleza yote, na povu linamtoka. Mama Tembo akasikiliza, masikio yanapepea taratibu.

"Kuchakulo, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Mimi ndiye niliyeanza. Wenzangu wamenifuata tu, wasifukuzwe kwa ajili yangu. Niliomba kwa njia iliyonyooka nikanyimwa, ndipo nikafanya ujanja."

"Na vyungu? Vimepungua?"

"Mwulize bwana, mama."

Nyati akajibu kwa sauti ndogo, "Havijapungua."

"Na wewe, jana ulikwenda kunusa mara ngapi?"

Nyati akaangalia kwato zake.

"Hi-hi-hiii!" Fisi akashindwa kujizuia. "Mara sita, mama! Nilikuwa naye zote sita!"

"Ala! Pua inapewa mara sita, Muumba ananyimwa mara mbili?"

Nyati akainamisha kichwa. "Niliogopa, mama. Mimi mgeni hapa. Nilidhani utawakuta wamesimama, uniulize mimi. Na tanuri je? Likiachwa bila mtu, vyungu vinapasuka."

"Hilo la tanuri ni neno la haki," akasema Mama Tembo. "Tutafanyaje?"

"Mimi nitamshikia dada Kuchakulo zamu akisali," akasema Fisi, "naye anishikie yangu nikienda kunusa."

"Nami na Korongo vivyo hivyo," akasema Kobe. "Nyakati zetu hazigongani."

"Basi yamekwisha. Anayenusa anuse, anayesali asali waziwazi, tanuri lisikose mtu. Na hakuna anayechukua njia."

Kuchakulo akaketi pale pale mavumbini. Akashusha pumzi, "Uuuuh!" na machozi yakamtoka huku anacheka. Mzee Kobe akatoa kichwa, akatoa shingo, akazidi kuitoa. Wenzake wakashangaa, kumbe ana shingo ndefu vile!

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchoma, na zamu ya adhuhuri ilikuwa ya Kuchakulo. Fisi hakuwapo, alikuwa ametumwa kuni. Kuchakulo akaangalia huku, akaangalia kule. Akamwona Nyati anakuja, amebeba kuni shingoni.

"Mama Kuchakulo, jua limefika."

"Najua, bwana, lakini Fisi hayupo."

"Kwani mimi sina mikono?" Nyati akatupa kuni chini, gogogogo, akaanza kuchochea. "Nenda ukasali. Tanuri ninalo mimi."

Kuchakulo akaenda. Na mimi ninyi nawaacha hapo, wanangu, moto unawaka na vyungu vinaiva.

Mwenzako mpe nafasi ya kusali waziwazi, naye hatakuwa na haja ya kukufanyia ujanja.