Kigwe cha Lulua

Katika mji wa Zumaridi, uliojengwa mlimani juu ya uwanda mkavu wa mawe meusi, alitawala Sultani Mundhiri bin Hilali, mtu mwadilifu na mkarimu, mzuri wa sura hata baada ya mvi kuingia ndevuni, na Mwenyezi Mungu alimpa kila kitu ila mtu wa kula naye, kwa kuwa mkewe alifariki, na tangu hapo alikaa peke yake mbele ya sinia la kutosha karamu.

Na mji ule ulikuwa njiani mwa ndege. Kila mwaka, baridi ilipoanza kuuma katika nchi za mbali za kaskazini, tai na kozi na vipanga walihama makundi kwa makundi, wakapita juu ya uwanda ule kuelekea kwenye joto la kusini, na masika yalipokaribia walirudi kwao kuzaa. Walipokuwa wakienda, watu wa Zumaridi walimnasa kozi mmoja, naye akawinda mkononi mwa Sultani msimu mzima; na wenzake waliporejea, Sultani alikata kigwe cha ngozi kilichomfunga mguu, mbele ya watu wote, akamwacha aende zake. Hiyo ndiyo ada, na hapakuwa na sultani aliyepata kuivunja.

Mwaka huo alinaswa kozi jike mwenye kifua cheupe chenye madoa, wakamwita Lulua. Aliyemzoeza ni mtunza ndege wa jumba, Mahfudha binti Shaame, mjane mwenye ulimi mwepesi na mikono ya upole. Asubuhi moja Lulua aliikataa nyama aliyopewa na Mahfudha, akaruka, akatua katika sinia la Sultani na kunyakua paja la kuku. Sultani akacheka. Watumishi wakatazamana, maana kicheko kile walikuwa wamekisahau. Tangu siku hiyo Sultani na Lulua hawakuachana, na msimcheke, mpweke hupata swahiba popote anapompata.

Ndege waliporejea wakalijaza anga, watu walikusanyika uwanjani na Sultani akashika kisu. Kisha akakirudisha alani.

"Mahfudha," alinong'ona, "kigwe hiki kimechakaa. Mshonee kingine."

Mahfudha alipaswa kumkumbusha ada. Lakini alimtazama usoni, akamwonea huruma, akashona kigwe kipya, tena kwa mshono maradufu. Simlaumu sana; ila lilikuwa kosa, na lilikuwa la wote wawili.

Basi ndege wakaenda, na masika hayakuja. Kila wingu lililofika juu ya uwanda lilisukumwa na upepo wa moto uliotoka ardhini, likatawanyika. Visima vikakauka, ng'ombe wakaanguka, na akina mama wakawa wanawapimia watoto maji kwa kikombe. Sultani akafunga na kutoa sadaka, na upepo usikome.

"Nitakwenda mwenyewe nikaone unatoka wapi," akasema.

"Na Lulua atalishwa na nani huko?" akauliza Mahfudha. "Twende sote, bwana wangu."

Wakateremka, Lulua mkononi mwa Sultani, wakafika katikati ya uwanda penye ufa mkubwa, na ndani ya ufa amekaa jini mwenye macho mekundu, mashavu yamefura, akipuliza juu bila kupumzika. Sultani akajikinga kwa jina la Mola, akasema, "Ewe kiumbe, mimi ni Mundhiri bin Hilali. Kwa nini waua mji wangu?"

"Naua? Mimi ndiye ninayekufa!" akajibu jini kwa sauti iliyokwaruza. "Naitwa Barkushi. Nimefungwa kwa pete hii na kiapo, nipulize pumzi ya moto ili ndege wakubwa wapande juu bila kuchoka, nisinyamaze mpaka apite wa mwisho. Masika yote huwa nimelala. Mwaka huu kuna mmoja hajapita! Koo limenikauka, mgongo waniuma, na sijui huyo mzembe yuko wapi..."

Hapo akamwona Lulua.

"Kigwe nilishona mimi," Mahfudha akasema haraka.

"Na aliyeamuru ni mimi," akasema Sultani.

Jini akashusha pumzi ndefu. "Kiapo changu ni kuinua, si kunyang'anya. Muulizeni mwenyewe." Akaigusisha pete kwenye mdomo wa Lulua, naye akasema kwa lugha ya watu:

"Ewe Sultani, kuku wako ni watamu na mkono wako nimeupenda. Lakini nina mayai ya kutaga, na mwamba wangu uko mbali, na mume wangu hupotea njia kila mwaka nisipomwongoza. Sijui sasa yuko wapi."

"Ukienda nitakula na nani?" akauliza Sultani, kama mtoto.

"Msimu mzima wewe unanitazama mimi, na Mahfudha anakutazama wewe. Macho yangu ni makali, bwana, lakini hilo hata kuku angeliona."

Mahfudha akavuta ushungi akafunika uso. "Ndege huyu hana adabu," akasema, na ulimi wake wote ukaishia hapo.

Sultani akatoa kisu. Mshono ulikuwa mgumu, akakata polepole huku akilia, wala hakuficha machozi. Barkushi akapuliza kwa nguvu zake za mwisho, Lulua akatandaza mbawa, akapanda akizunguka, akawa nukta, akapotea upande wa kaskazini. Jini akawasukumia johari zilizoiva ardhini kwa moto wa pumzi yake, za kutosha kulipia visima vya mji mzima, akalala palepale akikoroma. Mvua ikawakuta njiani.

"Mahfudha," akasema Sultani, maji yakimchuruzika ndevuni, "sinia langu ni kubwa mno kwa mtu mmoja."

"Nimeliona, bwana wangu. Na kuku wake hawakolei chumvi."

Wakaoana kwa furaha ya mji mzima. Msimu ulipogeuka, Sultani alikataza nyavu, akapanda juu ya paa la jumba na kunyoosha mkono, akijiona mjinga. Lulua akashuka na kutua mkononi, kipande cha kigwe kikiwa bado mguuni. Na nyuma yake akaja dume mmoja, akalipita jumba, ikambidi arudi.

Nami nawausia, wapenzi wangu: umpendaye akiwa na safari yake, mfungulie, na mlango usiufunge. Masika yalipokaribia, hakuna aliyemkumbusha Sultani. Aliuinua mkono mwenyewe, Lulua akaruka, na mkono ule ulipobaki mtupu hewani, Mahfudha akautia wake.