Zawadi za Sultani Badru

Hapo zamani, katika mji uliokuwa na misikiti sita na kisima kimoja cha maji matamu, alitawala Sultani Badru, mtu mwenye vilemba vingi na mkono mzito wa kutoa. Jikoni kwake alikuwapo mpishi, jina lake Machano, fukara asiye na kitu ila mama mzee kipofu na kibanda kinachovuja. Watu walimdhania Machano punguani, kwa kuwa kila alichoambiwa alikishika vile vile kilivyosemwa.

Basi siku moja Machano akaenda mbele ya Sultani, akainama, akasema, "Bwana wangu, mwezi wa nne huu sijapata mshahara. Masika yameingia, nami nataka kumwezekea mama yangu."

Sultani hakupendezwa. Akamwita karani wake, amri ikaandikwa, ikapigiwa mbiu mjini kote: tangu siku ile, katika jumba la Sultani hakuna mshahara, wala ujira, wala posho. Kinachotoka mkononi mwake ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Atakayedai atatiwa gerezani.

Wapasua kuni na wachota maji wakalia. Machano peke yake akashukuru, akabusu mkono wa Sultani, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake Sultani alikuwa anamwoza binti yake. Akaamka, akanusa, hakusikia harufu ya pilau. Akashuka jikoni mwenyewe. Hapakuwa na mtu wala moto, na paka amelala ndani ya sufuria kubwa. Na wageni wa bwana harusi walitarajiwa adhuhuri! Akatuma askari wamlete Machano.

"Ewe mjinga, mbona hujapika?"

"Nilikuwa nakungoja, bwana wangu."

"Kuningoja mimi?"

"Naam. Jana nilikuwa mtu wa mshahara, na mtu wa mshahara huja mwenyewe, hata akiumwa kichwa. Wachota maji walikuwa watu wa ujira, nao walikuja wenyewe. Leo umetufuta sote, tumekuwa majirani wa kukusaidia shughuli yako. Na desturi ya shughuli unaijua: mwenye nyumba huenda mlango kwa mlango, akabisha hodi, akaketi kidogo, akaomba. Asiyeombwa hajipeleki kwenye masufuria ya watu, ataonekana mlafi. Wenzangu wamevaa kanzu safi tangu alfajiri, wanasubiri hodi yako."

Sultani akataka kuwafunga wote, ila akakumbuka kwamba hakuna mfungwa awezaye kupika pilau la watu mia tatu. Akamtazama kadhi aliyekuja kufungisha ndoa. Kadhi akasema ndivyo desturi ilivyo, na atakayeivunja siku ya harusi ya bintiye atasemwa na wanawake wa mji mpaka wajukuu.

Basi Sultani akatoka kwa miguu, mvua inanyesha, karani nyuma yake na mfuko wa fedha. Akaanza na kwa Machano, naye Machano akatangulia mbio ili awepo wa kumfungulia.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," akaitika mama mzee, asijue ni nani. "Usiketi hapo, panavuja. Na huko panavuja. Njoo kitandani kwangu, hapa panavuja kidogo."

Sultani akaketi ukingoni mwa kitanda. Tone likamwangukia kwenye kilemba, na jingine. Akaona vyungu vitano sakafuni vikikinga maji, na shuka ya mama imeloa.

"Machano, kwa nini humwezekei mama yako?"

"Nangoja zawadi, bwana wangu."

Sultani aliona haya, tena haya ya kweli. Pale pale akaifuta amri yake, akamwagiza karani kila mtu apewe haki yake kabla moto haujawashwa, na Machano aongezewe makuti mia mbili.

Machano akazihesabu fedha za miezi minne, akazifunga kiunoni. Karani akamkemea, "Mbona hushukuru?"

"Huu ni mshahara," akasema Machano. "Nimeufanyia kazi." Kisha makuti yakaletwa, akayatazama, akamwinamia Sultani kwa adabu zote. "Kwa haya, bwana wangu, ahsante sana."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande, akaondoka. Pilau liliiva alasiri, na bwana harusi alishindia tende.

Mama mzee akauliza, "Yule mgeni alikuwa nani, mwanangu, hata kahawa hakunywa?"

"Jirani, mama," akasema Machano, akichukua mwiko wake. "Ana harusi, alikuja kuomba msaada."