Pimbi Aliyetulia na Kumi na Tatu

Hapo zamani, kale yenyewe hasa, wanyama walipokuwa wakichemsha chai asubuhi na kununiana na wake zao kama baba zenu, ulishuka ukame mkali. Visima vyote vikakauka, ikabaki chemchemi moja tu. Na nani alikuwa amelala juu yake, tumbo pwaa? Kiboko!

"Anayetaka maji acheze karata na mimi!" alinguruma. "Ishirini na moja. Ukinishinda, kunywa. Ukishindwa, rudi kwenu na kiu yako!"

Nyati akaja, akashindwa. Ngiri akashindwa. Tembo, pamoja na kichwa chote kile, akashindwa mpaka akaondoka analia paa-paa-paa.

Juu ya mwamba alikaa Pimbi akiwatazama. Kimo chake kama kikapu cha viazi, mkia wa kuringia hana, na shule aliiacha darasa la tatu. Lakini kuhesabu mpaka ishirini na moja alijua. Zaidi ya hapo ya nini?

Siku tatu alitazama. Akaona jambo moja: wakubwa wote walikuwa walafi. Ana kumi na tano, anataka nyingine. Ana kumi na sita, anataka nyingine. Wanazidi ishirini na moja, wanapasuka wenyewe, pu! Kiboko hata jasho halimtoki.

Siku ya nne binti yake mdogo akalamba chungu kikavu. Pimbi akashuka.

"Shikamoo, mjomba Kiboko. Nimekuja kucheza."

"Kwi kwi kwi! Wewe? Ukikaa mezani tutakuona?"

"Niwekee jiwe nikalie. Tucheze mara tatu. Nikishinda mara mbili, chemchemi inakuwa ya wote, mchezo basi. Nikishindwa, chukua pango langu."

Mkewe akapiga ukelele. "Baba watoto! Pango letu? Umekunywa nini, na maji yenyewe hayapo?"

"Tulia, mama. Mjomba, nieleze sheria mbele ya watu wote. Mimi si msomi."

Kiboko alipenda sana kusikilizwa. Akavimba.

"Kila mtu karata mbili. Zako zote wazi. Zangu moja wazi, moja imelala kifudifudi. Zenye picha zote ni kumi. Ree ni moja au kumi na moja, chagua mwenyewe. Anayekaribia ishirini na moja ndiye mshindi. Ukizidi, umepasuka! Ukipasuka umeshindwa hapo hapo, hata sijagusa zangu."

"Lo! Na wewe mgawaji unaongeza mpaka wapi?"

"Mimi si mwoga! Nikiwa chini ya kumi na saba, lazima niongeze. Nikifika kumi na saba, nasimama. Ndivyo alivyocheza babu yangu!"

"Lazima kabisa? Au ukijisikia?"

"Lazima! Naapa kwa tumbo hili!" Akalipiga kofi, bwata!

"Mmemsikia?" Pimbi akawageukia wanyama.

"Tumemsikia!"

Kiboko akagawa. Pa! Pa! Pimbi akapata kumi na sita. Kiboko ameonyesha kumi ya pao. Pimbi akakuna kidevu. Mgawaji ana mkono mnono, kukaa na kumi na sita ni kungoja kuchinjwa.

"Ongeza."

Tisa! Ishirini na tano.

"Umepasukaa!" Kiboko akacheka hadi maji yakaruka chwaa. Mke wa Pimbi akasema kwa sauti ya chini, "Nikakunje mikeka kabisa?"

"Nimecheza vizuri, karata ndiyo imekuja vibaya," alisema Pimbi, kifua mbele. Lakini jicho, ndugu zangu, lilikuwa pangoni kwake.

Wakagawiwa tena. Pimbi ana kumi na mbili, Kiboko ameonyesha nane.

"Ongeza."

Nane ya uru! Ishirini.

"Nimetosheka, mjomba."

Kiboko akafunua yake: kumi. Jumla kumi na nane.

"Aaah!" wanyama wakapumua. Sasa kila mmoja ameshinda mara moja. Imebaki ile ya kuamua nani alale wapi.

Pa! Pa! Pimbi: jumla kumi na tatu, kumi na ka-tatu kembamba. Kiboko ameonyesha sita ya kopa.

"Ongeza!" akapayuka Nyati. "Kumi na tatu ni nini? Ongeza!"

"Ongeza, bwana!" akasema Ngiri. "Unatia aibu!"

Pimbi akaitazama ile sita. Akatabasamu kama aliyeokota asali.

"Nimetosheka."

"Na kumi na tatu?" Tembo akashika kichwa. Mkewe akafunika uso kwa kanga.

Kiboko akafunua karata iliyolala. Nane ya shupaza!

"Kumi na nne! Nimekushinda kwa moja! Toeni vyombo vyenu pangoni!" Akaanza kuinuka.

"Mjomba, keti."

"Niketi kwa nini? Kumi na nne ni kubwa kuliko kumi na tatu, hata darasa la tatu wanafundisha!"

"Ni kubwa, ndiyo. Lakini iko chini ya kumi na saba. Uliapa kwa tumbo hilo. Lazima uongeze."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule.

"Aa... leo nimechoka kidogo..."

"ONGEZA!" wanyama wote wakapiga kelele, na Tembo akapiga hatua moja mbele. Hatua ya Tembo mnaijua.

Kiboko akavuta karata. Akaifunua.

Picha!

"Kumi na nne na kumi?" Pimbi akauliza kwa upole. "Nihesabie, mjomba, mimi si msomi."

"Ishirini... na nne," Kiboko akanong'ona.

"Umepasukaaa!" wanyama wakaitikia.

Weee! Vumbi, vigelegele, vibuyu, ndoo! Nyati akatumbukiza kichwa chote majini, gubu-gubu-gubu. Pimbi akabebwa juu ya pembe za Nyati mwingine, akiimba jina lake mwenyewe, huku mkewe akimfokea kwamba safari ijayo aweke rehani masharubu yake, si nyumba.

Fundisho ni hili: mwenye kujua lini aongeze na lini atulie humshinda mwenye nguvu asiyejua kuacha.