Ubani wa Mji wa Zinjifuri

Alitawala katika mji wa Zinjifuri Sultani Jabali bin Sahali, mtu mwema aliyependa manukato kuliko habari, na mji wake ulikatwa kati na mto, na huko juu mtoni Waziri Kifaya alikuwa na karakana ya ngozi, ambayo chokaa yake na damu yake na manyoya yake yote yalishuka na maji kuja kunywewa na raia. Na kwa kuwa desturi ya watu wa Zinjifuri ni kuufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuutia maji, maji yalipoanza kunuka hawakuuliza yamepatwa na nini, waliongeza ubani.

Samaki walipoelea matumbo juu, Waziri alitoa tangazo lenye mihuri mitatu kwamba samaki wamepumzika. Mabata wakahama bila ruhusa. Watoto wakaanza kuhara, watu wazima wakatokwa vipele, na tangazo la pili likasema hicho ni kijicho cha miji jirani.

Mfukiza mitungi wa jumba la Sultani alikuwa Mshamu, fundi aliyeweza kuyafanya maji ya dimbwi yanukie asumini. Na binti yake wa pekee, Mwanamize, aliyekwisha kuposwa, alikuwa siku ya nne kitandani, macho yamedidimia, na kila akinyweshwa maji alitapika.

"Baba, hebu kaa kitako, wanizungusha kichwa."

Mshamu hakukaa. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaufukiza mtungi mara ya saba, na moshi ukajaa chumba, na ndani ya moshi akatokea jini, kichwa chagusa dari, mwili vipele vitupu, tumbo amelishika kwa mikono miwili.

"Haya, wanitakia nini tena?" alifoka. "Mimi ni Daharani, mwenye mto huu, na jini akifukiziwa sharti aje. Zamani mliniita mara moja kwa mwaka, kwa heshima, na sahani ya halua. Sasa mji mzima wanifukizia asubuhi na jioni, nafika, hakuna anayenitaka! Na nikirudi mtoni, tumbo lanikata."

"Bwana Daharani, niponyee mwanangu."

"Nimponye vipi, nami najikuna? Nilikwenda kwa Waziri kushtaki. Karani akaniambia majini hupokewa Jumanne, tena waje na mdhamini. Ninaloweza ni moja: kuzila harufu nzuri zote za mji huu kwa siku saba. Lakini jua, Sultani atakuuliza wewe kwanza, na huenda akauliza kwa upanga."

Mshamu akamtazama binti yake, akaufunika ule mtungi.

"Kula."

Daharani akavuta pumzi moja. Udi ukatoweka, ubani ukatoweka, hata iliki katika kahawa. Barazani Sultani alikuwa amekiinua kikombe cha maji, akakishusha polepole.

"Nani amekufa humu?"

Mshamu akaletwa, akapiga magoti.

"Mola akuzidishie umri, maulana. Haya ndiyo maji unayokunywa siku zote. Mimi ni fundi wa kuyafunika tu. Ukinikata kichwa, nakusihi kwanza mwanangu apelekewe maji ya chemchemi ya mlimani."

"Uzushi!" alisema Waziri. "Maji haya yana mihuri mitatu!"

"Basi kunywa, Waziri," alisema Sultani.

Waziri akakitazama kikombe, akakumbuka yaliyomwagwa jana kule karakanani.

"Leo nimefunga, maulana."

"Umefunga na sambusa mkononi?"

Siku ile ile karakana ikafungwa, na Waziri akapewa jembe, akachimbe mwenyewe mashimo ya taka mbali na mto. Mwanamize akaletewa maji ya chemchemi, yakachemshwa, yakatiwa chumvi kidogo na asali, akanyweshwa kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu akaomba uji. Mto ulichelewa zaidi, masika mbili, na zipo nyumba zilizokuwa zimekwisha kuzika watoto, na kwa hizo Sultani hakupata tangazo la kutoa.

Mshamu akapewa bustani ya Waziri na cheo cha Mwangalizi wa Mto, na Mwanamize akaolewa kwa ngoma ya siku saba. Arusini kila mgeni aliyapeleka maji puani kabla ya kuyanywa, na mwenyeji hakuona ni utovu wa adabu. Daharani alipelekewa halua, ikapokewa na mkono tu uliochomoza mtoni, maana mwenyewe alikuwa amelala.

Na watu wa Zinjifuri hufukiza nguo, hufukiza nyumba, lakini mtungi hawaufukizi tena. Kwani pua iliyohongwa haitoi ushahidi.